Mabakuli Mia Tatu ya Kijani

Barua ilimfikia Sekela Jumatatu asubuhi, kabla hajamaliza chai. Ilimtaka apande Mbinga, wilaya jirani, "kukagua na kuidhinisha" mabakuli ya watoto wa shule yaliyotengenezwa kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Aliisoma mara mbili. Kukagua na kuidhinisha. Aliyeiandika hakuona haja ya kuweka neno "au" popote, maana "au" huchelewesha maendeleo. Chini kabisa, penye nafasi ya sahihi, jina la Sekela lilikuwa limeshachapwa, na tarehe imeshajazwa: Alhamisi. Kilichobaki kwake ni kuwa na mkono na kalamu.

Sekela alikuwa afisa afya wilayani Nyasa, huu mwaka wa tatu tangu ahamishwe kutoka Tukuyu. Ofisi yake Mbamba Bay ilikuwa na dirisha linalotazama ziwa na kabati lisilofunga. Kazi yake ilikuwa kukagua vitu ambavyo wenyewe wangependa visikaguliwe: machinjio, migahawa, vyoo vya gesti, samaki wanaosafirishwa. Watu walimwita Bibi Afya, kwa kuwa waliomtangulia wote walikuwa mabwana afya, nao walimsalimia kwa ile heshima anayopewa mtu anayeweza kuimwaga supu yako mbele ya wateja.

Akaenda na barua kwa Mzee Joakim, mkuu wa idara yake.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, kuidhinisha kunakuja baada ya kukagua, au ndiyo kunatangulia?"

"Marahaba. Sekela, mama, hayo ni mabakuli, si mabomu," Joakim alisema bila kuinua macho. "Ijumaa wageni wanakuja kuyakabidhi shuleni. Fulana zimeshachapwa."

"Nazo zimekaguliwa?"

Joakim alicheka kicheko cha mtu aliyebakiza miezi kumi na minne kustaafu na asiyetaka hata mmoja uharibike.

Mradi wenyewe uliitwa Mzunguko Hai. Haki yake usimnyime mtu: wazo lilikuwa zuri. Badala ya chupa, makopo ya mtindi na madumu ya mafuta ya kula kuchomwa nyuma ya soko mpaka mji mzima ukohoe, yakusanywe, yasagwe, yayeyushwe, yawe vyombo upya. "Plastiki iliyobeba chakula irudi kubeba chakula." Ndivyo fulana zilivyosema, mgongoni, kwa herufi kubwa. Sekela, ambaye kila Jumapili alitembea ufukweni akiruka vifuko vya barafu na chupa za soda, hakuwa na ugomvi wowote na fulana ile.

Jumanne akapanda Mbinga. Karakana ya mradi ilikuwa pembezoni mwa mji, bati jipya, bango kubwa kuliko jengo. Alipokelewa na mratibu, Xavery, kijana wa miaka arobaini na miwili. Kwenye miradi ujana hauishi mpaka ufadhili uishe. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi, na alimshika Sekela mkono kana kwamba wamesoma wote.

"Karibu, Bibi Afya, karibu uone taka zikifufuka!"

Akamwonyesha mashine ya kusaga, tanuri la kuyeyushia, kalibu za chuma. Akamwonyesha mabakuli yenyewe, mia tatu, yamepangwa minara minara, kijani kibichi chenye kung'aa. Sekela akauliza kwa nini yote kijani. Xavery akasema kijani ni rangi ya mazingira. Fundi aliyekuwa kwenye kalibu, ambaye hakuwa amefundishwa kunyamaza, akaongeza kwamba bila rangi yanatoka kama matope.

Nyuma ya karakana, juu ya gunia, alikaa mama mmoja wa Kimatengo akichambua rundo la plastiki refu kumzidi. Jina lake Bonifasia, mkulima wa kahawa. Alichukua dumu, akafungua kizibo, akanusa, akatupa kulia au kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae hapo, utachafuka."

Sekela akakaa. "Unatofautishaje?"

"Kwa pua. Hili la alizeti. Hili la mtindi, limechacha. Hili..." Akanusa dumu la buluu, akaliweka mbali kidogo na wenzake. "Hili la dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Nimepulizia dawa hii kwenye kahawa yangu miaka ishirini, naijua kama ninavyojua jasho la mume wangu."

"Mnalitupa?"

Bonifasia akageuka kumtazama Xavery, kisha akamtazama Sekela. "Tulikuwa tunalitupa," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa mashine ina njaa, mwanangu. Wametaka mabakuli mia tatu kwa wiki tatu. Mbinga nzima hainywi mtindi kiasi hicho. Basi yakaja madumu ya mashambani, yakaja na ya oili kutoka gereji za malori ya makaa ya mawe. Tukaambiwa tuyaoshe kwa sabuni ya unga mara tatu. Tumeyaosha. Sabuni imeisha, harufu haijaisha."

Sekela akainuka na kurudi kwa mratibu.

"Ndugu Xavery, humu mmeyeyusha madumu ya dawa za kilimo?"

"Machache. Lakini yameoshwa! Halafu kuna joto, Bibi Afya. Nyuzi mia mbili! Mdudu gani atapona humo?"

"Mdudu hatapona. Dawa si mdudu. Dawa ndiyo inayomuua mdudu, na yenyewe haifi kwa kuoshwa na kupashwa moto kidogo."

Xavery hakukwama. Alimpeleka ukutani, palipotundikwa cheti ndani ya fremu ya dhahabu, chenye mihuri miwili. Sekela alikisoma taratibu, mpaka kwenye yale maandishi madogo ambayo watu huyaachia wenye muda.

"Hiki ni cha kiwanda kingine."

"Ndiko tulikonunua mashine."

"Na ni cha mabomba ya kumwagilia."

"Plastiki ni plastiki, dada yangu."

"Na watoto si bustani."

Aliondoka na mabakuli matatu. Mawili aliyafunga kwa lakiri akayapeleka stendi, yasafiri kwenda maabara Dar es Salaam. La tatu alirudi nalo kwake Mbamba Bay. Jioni hiyo alipika mchuzi wa dagaa usipa, akautia mafuta, nyanya na ndimu, akaumimina wa moto kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani. Baada ya nusu saa alifunua. Mafuta yaliyoelea juu yalikuwa yamegeuka kijani, na mchuzi ulinuka kama gereji yenye samaki. Alionja kwa ncha ya ulimi, kwa ajili ya sayansi, kisha akasukutua mara nne, pia kwa ajili ya sayansi.

Asubuhi alipiga simu maabara. Sauti ya upole ilimwambia majibu yatatoka kati ya wiki sita na kumi. Akauliza kama kuna njia ya haraka zaidi. Sauti ikamwambia hiyo ndiyo ya haraka.

Alhamisi aliirudisha ile barua kwa Joakim. Mahali pa sahihi alikuwa ameandika: *Sijaidhinisha. Vyombo vimetengenezwa kwa plastiki iliyochanganyika na ya dawa na oili. Visitumike kwa chakula hadi vipimwe.*

Joakim aliisoma, akavua miwani. "Una ushahidi kwamba yanadhuru?"

"Sina bado. Wao wanao kwamba hayadhuru?"

"Wao wana wageni, Sekela."

Sekela aliiacha barua mezani kwake, akatoka.

Shule iliyobahatika ilikuwa kata ya Mbaha, huku huku Nyasa, mahali ambapo mtoto akichoka kusoma hugeuza tu shingo akaliona ziwa. Ijumaa turubai zilishafungwa, spika zinanguruma, akina mama wachambuzi kutoka Mbinga wamepangwa mstari ndani ya fulana zao. Sekela alimtafuta mwalimu mkuu, Mansuetus, mtu mrefu mwenye suti ya harusi yake mwenyewe, akamweleza yote bila kuficha.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. "Bibi Afya, nimeomba vyombo miaka mitatu. Watoto wangu wanakunywa uji kwa vitu ambavyo nikikutajia utalia. Leo vimekuja, nawe unaniambia nivikatae?"

"Sikwambii uvikatae, mwalimu. Nakuomba wageni watangulie. Uji wa moto, bakuli la kijani, kila mgeni na lake. Wakinywa wote wakaridhika, mimi nitatafuta cha kusema."

Uso wa Mansuetus ulichanua polepole. "Hiyo ni adabu tu," alisema. "Mgeni kwanza."

Ndivyo ikawa. Baada ya hotuba ya nne, iliyorudia ya pili, wageni walikabidhiwa uji. Mmoja akakumbuka ana vidonda vya tumbo. Wa pili akakumbuka kwamba amefunga, mfungo ambao hata dereva wake hakuwa ameusikia. Mama mmoja wa makao makuu ya mradi alilishikilia bakuli karibu na midomo yake kwa muda mrefu sana, akitabasamu, mpaka mpiga picha alipomaliza. Kisha akaliweka chini ya kiti na kuomba maji ya chupa. Mzee Joakim aliliinua lake, akalishusha, akaliinua tena, kama anayelipima uzito. Sekela alianza kujisikia vizuri. Aliona mambo yatajimaliza yenyewe, bila yeye kufungua mdomo.

Hapo ndipo Xavery aliposimama, akachukua bakuli lake, akanywa. Alikunywa lote bila kupumua, akafuta midomo, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Kuna maneno maneno. Mnaniona? Nimekufa?"

"Hapanaaa!" umati ukaitika.

"Nimeanguka?"

"Hapanaaa!"

Akaomba la pili, akalimaliza pia. Makofi yalipigwa, vigelegele vikafuata, na utafiti wa kisayansi ukawa umekamilika.

Sekela alibaki ameduwaa. Alikuwa amejiandaa kwa waoga na wanafiki, watu anaowajua kazini kila siku. Hakujiandaa kwa mtu anayeamini kweli. Tena Xavery hakuwa ameongopa: hakufa, wala asingekufa, si kwa mabakuli mawili. Uchafu wa namna ile hauna haraka. Humngoja mtoto darasa la kwanza na kutembea naye hadi la saba, uji kila asubuhi, wa moto kila asubuhi. Ukitaka kuusikia, husikii chochote, na kwenye sherehe kitu kisichosikika hakipewi kipaza sauti.

Wapishi walikuwa wameshaanza kuyapanga mabakuli mezani kwa ajili ya watoto. Sekela alifungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na kitabu kimoja tu cha fomu, kile alichotumia mialoni, samaki wanakoshushwa: hati ya kuzuia chakula kisichofaa kuliwa na binadamu. Akakiegemeza kwenye nguzo ya turubai, akaanza kujaza. Palipoandikwa "Aina ya samaki au nyama", aliandika *Mabakuli, ya kijani*. Palipoandikwa "Idadi", *mia tatu, pungufu matatu*. Kwenye "Harufu" aliandika *ya gereji*. Kwenye "Dalili za kuoza" alifikiri kidogo, akapiga mstari. Akagonga muhuri, akachana nakala, akampelekea Xavery aliyekuwa bado anapongezwa.

Xavery alisoma, na ule uchangamfu wote ukamtoka usoni.

"Unanidhalilisha mbele za watu."

"Nayazuia mabakuli. Kudhalilisha sina fomu yake."

"Mimi nimezaliwa Liuli hapo," alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakusikika kama tangazo. "Nimeoga ziwa hili likiwa safi. Sasa nyavu zinatoka na chupa nyingi kuliko samaki. Nimezunguka ofisi ngapi mpaka nikapata mashine ile! Wewe umefanya nini, zaidi ya kukataza?"

Sekela alikitazama kitabu cha fomu mkononi mwake. Kweli, kazi yake ilikuwa kukataza.

Aliyejibu ni Bonifasia, ambaye alikuwa amesogea na fulana yake bila mtu kumwita. "Mratibu, mwanangu, usimkasirikie huyu. Mabakuli hamsini ya kwanza yalikuwa safi, plastiki yake niliichambua mwenyewe."

"Sawa, mama! Basi tuwape watoto hayo hamsini!"

"Ndiyo taabu yenyewe. Mmeyachanganya na mengine. Mimi nikipewa dumu nitakwambia lilibeba nini. Likishayeyushwa likawa bakuli, pua yangu haina la kusema. Na wewe huna. Na mashine yako haina."

Xavery alitazama minara ya kijani juu ya meza, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye umati. Kisha akawaambia wapishi wayaondoe. Wageni walikuwa tayari wameelekea kwenye magari, ambako kulikuwa na kuku.

Mwalimu Mansuetus akatangaza kila mtoto akachukue chombo chake. Wakakimbia, wakarudi, wakapanga foleni, na Sekela akaona kile alichoambiwa kwamba kitamliza. Vikopo vya siagi vilivyopauka. Vifuniko vya ndoo za rangi. Kibuyu kimoja. Sahani ya bati iliyotoboka, imezibwa kwa kipande cha lami. Karibu na katikati ya foleni alisimama msichana wa kama miaka tisa, ameshika kwa mikono miwili nusu ya chini ya dumu la oili, imekatwa kwa kisu, kingo zake zimelainishwa kwa moto ili zisimkate midomo. Mtu fulani nyumbani kwake alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa upendo mkubwa.

Kitabu cha fomu kilikuwa kimebaki na karatasi kumi na moja. Foleni ilikuwa na watoto zaidi ya mia mbili. Sekela alikifunga, akakirudisha mkobani.

Wiki iliyofuata alipata barua ya onyo. Haikusema kwamba mabakuli yalikuwa salama. Hakuna aliyethubutu kuweka hilo kwenye maandishi. Ilisema ametumia fomu ya samaki kwa kitu ambacho si samaki, kinyume na utaratibu.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tisa, yakaja na sentensi mbili. Sampuli zote mbili zilikuwa na mabaki ya viuatilifu na mafuta ya mitambo, na hazikufaa kugusana na chakula. Joakim alizisoma, akavua miwani, akasema alikuwa anajua tangu mwanzo.

Mabakuli nayo hayakukosa kazi. Wavuvi waliyaomba kwa kukumbia maji yanayoingia kwenye mitumbwi, wakayasifu sana kwa wepesi wake, na taarifa ya mwaka ya mradi ikaandika, chini ya picha nzuri ya machweo, kwamba Mzunguko Hai umegawa vifaa karibu mia tatu vya usalama majini. Lengo lilifikiwa. Mama wa makao makuu alipandishwa cheo.

Xavery hakuandika taarifa ile. Aliisoma tu kama wengine, akaja nayo ofisini kwa Sekela mwenyewe, bila kupiga simu. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema ameacha vyombo vya chakula. Sasa atatengeneza trei za vitalu vya miche ya kahawa, na Mama Bonifasia amepewa mamlaka ya kukataa dumu lolote hata kama mashine inalia njaa.

"Vya chakula siku moja nitarudia," alisema. "Nikipata namna ya kujua kila dumu limetoka wapi."

"Ukipata, nami nitakuja kukagua."

"Na kuidhinisha?"

"Kukagua," Sekela alisema, na wote wawili wakacheka, ingawa Xavery alichelewa kidogo. Karatasi ya vitalu aliisaini siku hiyo hiyo. Mche wa kahawa haunywi uji wa moto.

Vyombo vya shule vilipatikana mahali ambapo hakuna mradi uliofikiria kupatafuta. Akina mama wa parokia walikuwa na vikombe vya bati, masanduku na masanduku, vinavyotoka kwa harusi na misiba tu. Mwalimu Mansuetus aliwaomba. Wakabishana Jumapili mbili, wakatoa mia mbili na ishirini, kwa masharti kumi na mawili kuhusu namna ya kuvisugua.

Siku ya kwanza ya vikombe Sekela alikuwepo. Hakukuwa na turubai wala spika. Alisimama kando ya sufuria, akimpokonya kila mtoto kikopo chake na kumkabidhi kikombe, na foleni ikaenda vizuri mpaka alipofika msichana mwenye nusu ya dumu. Jina lake Asteria. Alikitazama kikombe, akakitazama chombo chake, akaficha chombo nyuma.

"Sitaki."

"Kwa nini, mama? Hiki ni safi. Hicho chako kilikuwa na oili ya gari, kitakuumiza tumbo."

"Hiki changu kinajaa zaidi."

Sekela alivilinganisha kwa macho. Ilikuwa kweli tupu. Nusu ya dumu ilibeba karibu mara mbili ya kikombe, na mtoto alikuwa amelijua hilo zamani, bila maabara. Kila sentensi aliyojifunza chuoni ikamjia, na hata moja haikuwa na maana mbele ya mtoto mwenye njaa.

"Nikikupa vikombe viwili?" aliuliza.

Asteria hakukurupuka. Alimgeukia kwanza mpishi, ahakikishe kwamba naye amesikia.

"Leo tu, au kila siku?"

Sekela akamtazama mpishi. Mpishi akaitazama sufuria, akavuta pumzi, akaitikia kwa kichwa.

"Kila siku," Sekela alisema.

Msichana akatoa nusu ya dumu, akapokea kikombe, kikajazwa. Akanywa palepale, bila kutoka kwenye foleni, huku wa nyuma yake wakilalamika, akanyoosha mkono kwa cha pili.